Tarishi Anayejifunza Kutembea kwa Kusikiliza

Tik. Tik. Tik. Kidude kidogo kama kiberiti kinalia mkononi mwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Katikati ya korido ya kliniki, mwanamume wa miaka hamsini na minne ametega sikio, ameuma mdomo. Kila mlio, hatua. Kulia. Kushoto. Mguu wa kushoto unaburuta kidogo, lakini unafika kwa wakati.

"Usiutazame mguu, baba," mtaalamu anamwambia. "Sikiliza tu. Sikio litauita."

Mwanamume huyu ni tarishi. Kwa miaka ishirini na sita alisambaza barua na mafaili katika ofisi nne, kwa miguu, hadi wenzake wakambandika jina la Upepo. Miezi saba iliyopita, akifunga kamba za viatu, mkono wa kushoto ulikataa kumtii. Alipojaribu kuinuka, akaenda chini kama gunia. Kilikuwa kiharusi.

"Kuanguka si kitu," anasema. "Kilichoniuma ni kuuamuru mguu wangu mwenyewe, nao ukakaa kimya kama wa mtu mwingine."

Alitoka hospitali na fimbo. Alipiga hatua thelathini na nane kwa dakika, hii ndefu, ile fupi. Mtaalamu alizihesabu kwanza, ndipo akatega kidude kwenye kasi ileile. Mguu ulipozoea, akaongeza milio miwili mitatu.

"Mdundo usiobadilika unauambia ubongo mapema hatua ijayo itue lini," anaeleza. "Hausaidii wote sawasawa. Ndiyo maana kila mtu namsikiliza kwanza."

Mke wa tarishi, muuza vitambaa, hakuamini. "Nikasema, jamani, mtu mgonjwa, mnamfundisha kucheza ngoma?"

Wiki ya tatu alijionea. Kidude kikizimwa, mguu unasuasua, kikiwashwa, unanyooka. Nyumbani hawana kidude, basi akapiga makofi, kutoka kitandani hadi uani. "Viganja viliwaka moto. Majirani wakadhani tuna sherehe!"

Asubuhi moja mumewe alichoka. "Nitapigiwa makofi mpaka lini, kama mtoto?" Mkewe akatoka nje.

Tarishi alibaki katikati ya chumba, mguu umeganda. Aliona aibu kumwita. Akaanza kunong'ona: moja, mbili, moja, mbili. Mguu ukainuka. Alipotokeza mlangoni, jasho likimtiririka, mkewe alikuwa anaanika nguo. Shuka lilimponyoka likaanguka mchangani.

"Nililifua upya," anasema mkewe, "na wala sikununa."

Leo tarishi amefikia hatua sitini na sita kwa dakika. Ofisi imemshikia nafasi yake hadi mwisho wa mwezi ujao. Kilichobaki ni ngazi. Hapo bado hupoteza hesabu na kushika ukuta. Wiki hii wameanza na vidato vitatu.

Meneja wake, ambaye ofisi yake iko ghorofa ya pili, alimwandikia barua ya pole alipokuwa amelazwa. Tarishi hajaijibu.

"Jibu nimeshaliandika," anasema, akigusa mfuko wa shati. "Wamejitolea wengi kulipeleka. Nimekataa. Hilo nitalipandisha mwenyewe."