Mikono Nyeusi ya Sweta za Kabazi

Mwalimu alizirudisha sweta Jumatatu asubuhi, mama akiwa bado hajamaliza chai. Alikuwa amezibeba kutoka shuleni kwake Kabazi kwenye gunia safi, akazitoa moja moja juu ya meza kwa haya, kama mtu anayerudisha zawadi.

"Mama, nisamehe," alisema. "Kifua ni nevi bluu, lakini mikono ni nyeusi. Watoto wanachekwa."

Mama akaichukua moja, akaigeuza kuelekea dirishani. "Mwalimu, hii ni rangi moja."

"Si moja, Mama."

"Nimefuma sweta za shule tangu huyu akiwa mgongoni," alisema, akininyooshea kidole. "Leo ndio nishindwe kujua nevi bluu?"

Mwalimu aliniangalia. Mimi nikaangalia sakafu. Tofauti ilionekana hata pale mlangoni nilipokuwa nimesimama.

Alipoondoka, mama aliniuliza, "Hata wewe?"

"Mama, mikono ni nyeusi."

Siku mbili hakunisemesha ila kwa lazima: chumvi iko wapi, funga mlango. Mashine yake ya kufuma, ambayo mtaa wetu wote hapa Nakuru unajua sauti yake, ilinyamaza.

Wakati huo nilikuwa nimerudi nyumbani kwa miezi michache, nikifanyia kazi mradi mmoja wa kilimo kwenye laptop yangu. Wakulima wa Keringet walitutumia picha za majani ya viazi, nami nilitoa rangi zake kwa nambari. Programu yenyewe haina kitufe hata kimoja. Unaandika mstari wa amri, unataja picha na nukta unayoitaka, nayo inakujibu kwa nambari tatu: nyekundu kiasi gani, kijani kiasi gani, bluu kiasi gani, kuanzia sufuri hadi mia mbili hamsini na tano. Tuliitumia ili tusibishane kama jani limeanza kugeuka manjano au bado.

Siku ya tatu nikawaza, basi nambari ziseme na mama, maana mimi nimeshindwa. Nilipiga picha kifua cha sweta karibu na dirisha, kisha mkono wake juu ya meza, nikamwonyesha majibu.

Alisikiliza hadi mwisho. "Hii moja umepiga kwenye jua na nyingine kwenye kivuli," akasema. "Hata mimi ukinipiga hivyo nitakuwa watu wawili."

Alisema kweli, na niliona aibu. Kazini nisingekubali picha kama hizo. Tukatoka nje pamoja, tukatandaza sweta kwenye ubao, kifua na mkono vikiwa kando kwa kando, karatasi nyeupe ya kupimia mwanga katikati. Mama mwenyewe akachagua mahali pa kuweka ubao, akasogea ili asiweke kivuli. Nikapiga picha moja tu. Tukarudi ndani, akavuta kiti karibu nami.

Kifua: 31, 38, 74. Mkono: 33, 32, 35.

"Hiyo ya mwisho ndiyo bluu?" aliuliza.

"Ndiyo."

"Jaribu mahali pengine."

Nikajaribu nukta nyingine, na nyingine, kila mara pale alipoweka kidole chake kwenye kioo. Bluu ya kifua ilikaa juu sana, ya mkono ikakaa chini. Mwishowe akaondoa kidole.

"Mimi naona zote nyeusi," alisema polepole. "Ni muda sasa. Nilikuwa najua uzi kwa mahali unapokaa. Nevi kushoto, nyeusi kulia. Halafu wewe ukaja, ukanipangia rafu upya."

Nilikuwa nimeipanga rafu ile wiki ya kwanza, nikifuta vumbi na kujisifu moyoni kwamba namsaidia.

"Kwa nini hukuniambia, Mama?"

"Nyanya yako alianza hivi hivi. Alimaliza maisha yake akishikwa mkono kwenda chooni. Ningekuambia ili unifanyie nini?"

Nilimwambia twende kwa daktari wa macho, hakuna kingine. Alikataa Jumatano, akakataa Alhamisi, na Ijumaa asubuhi nikamkuta amevaa nguo ya kanisani, ananisubiri. Daktari alimulika macho yote mawili akasema ni mtoto wa jicho, na kwamba tatizo hilo linatibika. Mama alimfanya arudie neno hilo la mwisho.

Walianza kwa kumpasua jicho la kulia. Walipoondoa bandeji siku iliyofuata, alimtazama muuguzi, akatazama pazia, kisha akanitazama mimi kwa muda mrefu hadi nikaanza kuogopa.

"Kumbe una mvi," akasema.

Nikacheka, halafu nikalia, naye akanikemea kwamba si mimi niliyepasuliwa. Njiani kurudi nyumbani tulipita chini ya mijakaranda iliyokuwa imechanua maua ya zambarau. Alisimama katikati ya njia, akafunika jicho moja kwa kiganja, kisha lingine, watu wakitupita.

Jioni hiyo alitaka simu yangu. "Mwalimu," alisema, "mikono ni nyeusi kabisa. Nipe wiki tatu, daktari ameniambia nisiiname."

Tulifumua ile mikono pamoja, mimi nikivuta uzi, yeye akiwa ameketi wima kitini, akiniambia nivute taratibu.