Aliyekuja Kumkama Ng'ombe Wetu

Ukitaka kucheka, cheka, lakini mimi si mtu wa kuota mchana. Na siku hiyo nilikuwa nimekasirika mno hata hofu haikupata pa kukaa.

Mume wangu, Salimu, alinunua ng'ombe huko Muheza, kwenye nyumba iliyofiwa. Tukamleta kwetu Moa, tukamwita Bahati. Bahati gani? Wiki mbili ananipiga mateke, anamwaga ndoo, maziwa anayabana hata ndama wake hashibi. Nikamwambia Salimu nimechoka, aende akalete mchinjaji.

Ametoka tu, alasiri hiyo, nikamkuta bibi mmoja amesimama zizini. Kanga zimefifia, mkono wa kulia una kovu refu la moto. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba huku anaikodolea macho ndoo yangu, akasema inanuka. Kamba ya ndama, fupi. Majani, makavu. Zizini mwangu! Nikajikaza, mkubwa hajibiwi. Nikamuuliza ametokea wapi, akasema ana njaa.

Nikamsongea bada, ule ugali wetu wa muhogo, nikampa na mtindi wa dukani, maana wa kwetu ungetoka wapi? Akala mbele yangu, tonge baada ya tonge, huku akilalamika nimesonga mabonge. Akanawa, akachuchumaa ubavuni mwa ng'ombe, akamgusa paja.

"Zuhura, acha ujinga," akamwambia ng'ombe.

Niamini, akatulia tuli. Ndoo ikajaa hadi povu likapanda juu. Nikainama kuipokea, nilipoinua kichwa, hakuna mtu. Zizi lina mlango mmoja, na mlangoni nimesimama mimi. Nikatazama sahani. Imejaa vilevile, haijamegwa hata tonge moja.

Salimu aliporudi na mchinjaji, nikamsimulia. Akadhani jua limenipiga. Lakini ndoo aliiona, basi akapiga simu Muheza kuuliza ng'ombe yule alikuwa na jina gani. Akapokea binti wa nyumba ile.

"Marehemu mama alikuwa akimwita Zuhura," akasema. "Alikuwa hataki mwingine amguse."

Nikamnyang'anya Salimu simu, nikauliza habari za mkono. Binti akasema mama yake aliungua na samli ya moto tangu ujanani. Mchinjaji alisikia yote. Hakungoja hata chai.

Sasa umepita mwaka. Zuhura hauzwi wala hachinjwi, anatoa maziwa hadi tunagawia majirani. Ila nikichelewa kukama, mtu anaguna nyuma yangu, karibu kabisa na sikio. Nikigeuka, hamna. Mimi niliolewa na mwanamume aliyekwisha kufiwa na mama yake, nikajiona nimepumzika. Kumbe mama mkwe wangu alikuwa Muheza, nasi tulimnunua wenyewe.

Nawe ukienda kununua mnyama kwenye nyumba ya msiba, usiulize anatoa lita ngapi tu. Uliza alikuwa akimsikiliza nani.