Mama Mkubwa na Vyumba Vyake Viwili

Mama Mkubwa, tuliyemzika wiki iliyopita, hakunizaa. Alikuwa mke wa kwanza wa baba, na baba alimwacha ili amwoe mama yangu. Baadaye akamwacha mama pia, akaenda zake. Mama akabaki kitandani na homa, na sisi wanawe wawili na njaa. Mama Mkubwa akapata habari. Alikuja na mkokoteni wa mashine yake ya kusaga unga, akasimama mlangoni.

"Nilikuwa nimekuwekea matusi," akamwambia mama. "Panda. Nitakutukana tukifika."

Mungu ni shahidi wangu, matusi hayo sijayasikia hadi leo.

Nyumba yake ilikuwa ya vyumba viwili, nyuma ya mashine. Alikuwa na watoto watatu, nasi tukafanya watano. Mama alipopona, alianza kumimina mahindi huku Mama Mkubwa akikinga gunia upande wa unga. Mashine ikinguruma husikii hata jina lako, kwa hiyo walisemeshana kwa mikono: kiganja wazi ni mimina, ngumi ni zima. Jioni walirudi weupe hadi kwenye kope.

Wateja nao hawakukosa la kusema. "Wake wenza wasio na mume! Sasa mnagombania nini?"

"Ufagio," Mama Mkubwa alijibu. "Njoo utuamue."

Nilikuwa darasa la tatu wakati fundi wa mashine alipoanza kuja hata siku ambazo mashine ni nzima. Alikuwa mtu mpole, mke wake alishafariki. Jumapili moja alikuja na shati lililopigwa pasi, bila spana. Sisi watoto tukajibanza nyuma ya pazia.

"Dada," akamwambia Mama Mkubwa, "nimekuja kumwomba mwenzako. Nina nyumba upande wa pili wa mji. Watoto wake wawili nitawalea kama wangu."

Wawili. Dada yangu mkubwa, mtoto wa Mama Mkubwa, akanishika mkono mpaka ukauma.

Mama Mkubwa, aliyekuwa amesimama nyuma ya kiti cha mgeni, akamwonyesha mama kiganja wazi. Mama akafunga ngumi. Mama Mkubwa akaonyesha kiganja tena, macho yamemjaa machozi. Mama akaikaza ngumi.

Fundi akageuka nyuma, akakiona kiganja, akakohoa. "Jamani, mashine hiyo naijua mimi. Mmoja anasema mimina, mwingine anasema zima. Hivyo inaungua."

Mama akacheka, kisha akalia. "Sikukatai, fundi. Ila nikiondoka na wawili, hao watatu nitawaambia nini? Na huyu? Alinitoa kitandani wakati ndugu zangu wa damu walikuwa hawanijui."

"Nenda, mwenzangu," Mama Mkubwa akasema. "Usijifunge kwangu. Mungu amekuletea mtu."

"Kama amemleta, amemleta hapa."

Fundi akasema, "Basi nitahamia mimi."

"Uhamie wapi?" Mama Mkubwa akashtuka. "Watu watasema umeolewa!"

"Waseme. Mimi nangoja mahari yangu."

Pazia lilianguka kwa kicheko chetu, nasi tukaanguka nalo.

Walifunga ndoa kama dini inavyotaka, mbele ya mashahidi. Siku hiyohiyo Mama Mkubwa alitoa godoro lake chumba cha ndani, akawaachia maharusi, akaja kulitandika katikati yetu watoto watano.

"Sogeeni," akasema. "Na atakayenikojolea atanitambua."

Mama alimsihi wabadilishane, fundi akasema atajenga chumba cha tatu. Alikijenga kweli, lakini Mama Mkubwa akakijaza magunia na kubaki palepale. Nililala nimeubana mgongo wake, wenye harufu ya unga, hadi nilipomaliza shule. Namwomba Mwenyezi Mungu amlaze mahali pa wasaa.