Tope Chini ya Sufuria

Rael hakuwa na cheo chochote kanisani, ila sufuria zake zilijulikana kuanzia Rodi Kopany mpaka Asumbi. Ziling'aa. Aliyefiwa akaja kuazima moja ya kupikia waombolezaji, kisha akairudisha na doa la masizi, alijua amejitafutia adui. Na siri ya Rael haikuwa siri: kabla ya kuinjika sufuria mafigani aliipaka tope la majivu na udongo kitakoni na kando, ili masizi yashike tope, yaliache bati. Akimaliza kupika, maji kidogo tu na uchafu wote unaondoka. Alifanya hivyo kwa miaka hamsini, na ule moshi ulioshindwa kuipata sufuria ukampata yeye.

Kifua kilipombana mpaka akawa hamalizi ubeti mmoja wa wimbo, daktari alimwambia aachane na kuni. Mwanawe wa pekee, Cephas, aliyekuwa akifanya kazi Homa Bay, akamletea meko, ule mtungi mdogo wa gesi wenye bana, yaani kichomeo chenye matundu, juu yake.

"Mama, washa kiberiti kwanza, halafu ndio ufungue gesi," alisema, huku akitazama simu yake. "Ukisikia harufu, funga, fungua mlango, usiwashe kitu. Nitarudi Jumapili. Nikikuta bado unapika na kuni, unaenda kukaa na sisi."

Rael hakuwa na ugomvi na Scovia, mkaza mwanawe. Lakini kwao ni ghorofa ya tatu, hakuna kuku, hakuna jirani wa kumwomba chumvi, na mumewe Rael alizikwa hapa, hatua ishirini kutoka mlangoni. Aliogopa kuhama kuliko alivyoogopa gesi, na gesi aliiogopa sana.

Jumatano akajaribu. Kiberiti kwanza, gesi baadaye, na moto wa buluu ukatokea kwa adabu. Akauzima ili aandae chombo. Akachukua sufuria yake kubwa, iliyobonyea kitako kwa miaka ya mafiga, akaipaka tope kama kawaida, akawasha tena na kuinjika. Cephas hakuwa amemkataza. Cephas hajawahi kuosha sufuria maishani mwake, angejuaje kwamba kuna la kukatazwa?

Tope likakauka, likaanza kubanduka na kuangukia kwenye matundu ya bana. Moto ukageuka manjano. Masizi yakapanda kwenye sufuria, mengi kuliko ya kuni. Rael akatazama, akafikiri, akaamua kwamba tope halikutosha. Akaongeza.

Safari hii nusu ya moto ilizimika na harufu ikajaa jikoni. Alifunga gesi, akafungua mlango na dirisha, akaenda kukaa nje. Akalia kidogo. Tayari alijiona kule ghorofani, akisubiri kupakuliwa chakula kama mgeni.

Kesho yake alimwita Willis, muuza gesi wa Rodi. Willis akafungua bana, akaipindua juu ya gazeti na kuigonga. Udongo ukamwagika, wa kutosha kuotesha mbegu ya sukuma wiki.

"Dani," Willis akauliza, akimwita bibi kwa Kijaluo, "hapa ulikuwa unapanda nini?"

"Hiyo ni tope ya sufuria, nyathina, mwanangu."

Willis hakucheka, maana mama yake mwenyewe alipaka hivyo hivyo. "Moto ya buluu haina masizi, dani. Hakuna kitu ya kukinga. Ukiona imekuwa manjano, jua matundu imeziba ama hewa haitoshi. Zima, ngoja ipoe, usafishe na brashi kavu."

Akaigeukia ile sufuria. "Na hii ni kubwa sana, joto inarudi chini kwa mtungi. Halafu imebonyea, ukisonga ugali itakupindukia. Tafuta yenye kitako sawa, moto isitokee kando. Chungu ya udongo nayo usijaribu, itapasuka." Akapaka povu la sabuni shingoni mwa mtungi, akafungua gesi kidogo na kumwonyesha Rael kwamba hakuna mapovu yanayotoka. Hapo hapakuvuja.

Rael akachagua sufuria ndogo ya kitako bapa. Kuiinjika bila tope kulimtia aibu, kama kumpeleka mtoto kanisani bila nguo. Lakini ilitoka motoni ikiwa safi, na siku tatu hizo alisonga ugali bila kukohoa.

Jumapili Cephas alifika na begi kubwa, tupu. Akasema atapika chai mwenyewe, mama apumzike. Akafungua gesi, halafu akaanza kupapasa mifuko akitafuta kiberiti.

"Wee!" Rael alikuwa ameshafunga. Akafungua dirisha. "Toka nje."

Mwanamume wa miaka arobaini na mbili akatoka, akasimama na kuku mpaka aliporuhusiwa kurudi. Mama yake ndiye aliyewasha, akapika chai, akasonga ugali, akampakulia na samaki. Cephas alikula akiwa ameinamisha kichwa.

"Mama, mimi naogopa tu. Naogopa siku moja nitapigiwa simu."

"Huko kwako unawasha namna gani?"

Cephas akatazama meko. "Hivyo hivyo."

"Na Scovia?"

"Mimi ndio nilimfundisha."

Rael alinawa mikono polepole, kidole kwa kidole. Akawafikiria wajukuu wake watatu kule ghorofani, akaogopa kuliko siku ile ya harufu.

"Shule zimefungwa," akasema. "Kesho niletee hao watoto. Watakaa na mimi mpaka mjue kuwasha moto."

Kesho yake jioni Cephas aliwaleta, wote watatu.