Kioo cha Bosi Nyaga

Rwamba alipanda ngazi za mnara huku akitukana kimoyomoyo, na huyo ni mama wa kanisa anayeongoza kwaya. Siku nne tu alikwenda mazishini Kianjokoma. Kurudi, anakuta wamemharibia kazi!

Kazi yenyewe ni kamera ya joto inayochunga viboko ufuoni mwa bwawa la Kiambere. Mbele yake kuna prizimu mbili za duara, vipande vya madini vinavyopitisha miale ya joto na kuipinda. Moja ikizunguka huku na nyingine kule, jicho la kamera linahamia popote utakapo, na kamera yenyewe haisogei hata kidogo. Rwamba, aliyekuwa fundi wa redio, alihangaika nazo miezi mitatu mpaka akaandika daftarini: ya kwanza nyuzi arobaini, ya pili mia moja na kumi, hapo ndipo anapochota maji bibi kizee, Cucu Marcella. Akiona kiboko anapiga king'ora, watu wanatoka majini.

Sasa meneja wa mradi huo, Nyaga, kaogopa vumbi la Mbeere lisichafue prizimu kabla ya wageni kufika. Akaita fundi wa madirisha, akaziba mbele kwa kioo. Kioo cha dirisha! Joto la kiboko halipenyi hapo, jamani. Kamera inaona kioo chenyewe tu.

"Mbona kelele?" Nyaga akamwuliza huko juu mnarani, alipoanza kumfokea. "Siku nne hatujaona kiboko hata mmoja. Si ni vizuri?"

"Hamjaona kwa sababu mmeifunga macho!"

Jua lilikuwa linazama. Huko chini Cucu Marcella alikuwa ameshateremka kuchota maji, kwa kuwa king'ora kilikuwa kimya. Rwamba alizungusha prizimu: arobaini, mia moja na kumi. Skrini nzima kijivu. Hakuomba ruhusa ya mtu. Alishika spana, akakivunja kile kioo.

Picha ikaja, kila chenye joto kinang'aa cheupe. Mtu mdogo mweupe ameinama majini, na nyuma yake, hatua ishirini hivi, dude jeupe kubwa kama pikapu. Rwamba akapiga king'ora. Cucu akatupa mtungi, akajirusha kwenye miiba.

Cucu alipofika mnarani akichuruzika damu miguuni, Nyaga alikuwa anapiga picha vipande vya kioo.

"Hii ni mali ya mradi, Rwamba. Nakuandikia barua. Kesho tunafunga kingine."

"Funga!" Rwamba akamjibu. "Lakini kesho jioni Cucu atakaa hapa na mimi, na wewe, Bosi, ndiwe utakayeshuka kumchotea maji."

Nyaga akatazama bwawa, akarudisha simu mfukoni. Kioo cha pili hakikuja. Neno la pole kwa Cucu nalo halijaja mpaka leo.