Wokmeni ya Kaka Idi

Sisi tuliokulia Kizota, Dodoma, wakati kaseti bado zikiuzwa kila genge tulijua kukagua wokmeni kuliko tulivyojua hesabu za sehemu. Vijana wa leo huuliza simu ina gigabaiti ngapi, basi, wamemaliza. Sisi tulikuwa na mitihani yetu. Kwanza unaipima mkononi: nyepesi sana, hiyo ni plastiki tupu. Kisha unabonyeza kitufe bila kaseti na kuchungulia kama magurudumu yote mawili yanazunguka. Unaiweka sikioni kusikiliza mota, kwa sababu mota nzuri inanong'ona na mota mbovu inasaga. Mwisho unafungua sehemu ya betri na kunusa springi. Ndiyo, kunusa. Kutu ina harufu yake.

Betri zenyewe tulizianika juani kando ya mtama, zikarudiwa na nguvu kidogo, na sauti ya mwimbaji ikatoka imelewa.

Wokmeni ya kwetu aliileta kondakta wa basi la Arusha, imeviringishwa ndani ya shati. Ilitoka kwa kaka yangu Idi, aliyekuwa ameenda kuchimba mawe ya vito kaskazini. Mama yangu ni Mrangi wa Kondoa, na hakuwahi kusoma, kwa hiyo Idi hakuandika barua. Alirekodi sauti yake kwenye kaseti, akatuma kaseti na chombo cha kuisikilizia. Ilikuwa kaseti moja tu, na upande mmoja tu ndio uliokuwa na maneno.

Kila siku baada ya swala ya alasiri mama alikaa kwenye mkeka, akapandisha mtandio, akavaa zile spika za sponji masikioni, akafumba macho. Hatukuruhusiwa kumsemesha. Akimaliza alinipa mimi wokmeni niirudishe kwenye sanduku, na uso wake haukuwa uso wa mtu aliyefurahi. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Nilidhani anamkumbuka mwanawe tu. Miezi ilikuwa inapita na kaseti ya pili haikuja.

Nilikuwa na rafiki, Neema, binti wa karani mmoja wa serikalini. Siku moja shuleni alisema wokmeni yao ina magurudumu ya chuma ndani, na kwamba ya kwetu, iliyotoka machimboni, lazima ni ya plastiki. Niliudhika mpaka nikashindwa kula ugali. Siku iliyofuata mama alipokwenda mashineni kusaga uwele, nilitoa wokmeni sandukuni na kuchukua kisu cha jikoni. Skrubu zilikuwa nne. Nilizifungua kwa ncha ya kisu.

Magurudumu yalikuwa ya plastiki. Lakini mota ilikuwa ndani ya kikopo cha chuma kinachong'aa, na mkanda mwembamba wa mpira, mwembamba kama uzi wa kushonea viatu, uliizunguka na kwenda kuzungusha kila kitu. Niliugusa kidogo tu. Ukaruka.

Niliurudisha nilivyoweza, nikafunga, nikaweka kaseti na kubonyeza. Kaka alisema, "Shikamoo mama. Mimi mzima kabisa," halafu sauti ikavutika, ikawa nzito kama ya ng'ombe, ikakata. Nilipofungua mfuniko, utepe wa kaseti ulikuwa umemezwa na kujisokota kwenye roli. Nikauvuta. Ukakatika.

Sijawahi kuogopa vile tena, hata siku nilipokuwa najifungua. Nilisikia sauti ya mama nje akiwasalimu majirani, na nikasukumia kila kitu ndani ya sanduku chini ya kanga.

Alasiri ilipofika aliniita. "Zaituni! Niletee kaka yako."

Ndivyo alivyosema siku zote. Hakusema wokmeni. Alisema kaka yako.

"Abee mama. Betri zimekufa. Nimeweka nyingine juani."

Alikunja mkeka wake. "Kesho, basi."

Siku ya pili nikasema jua halikutosha. Dodoma, jua halikutosha! Nilimwona mama akikaa kwenye mkeka ule ule, saa ile ile, mikono mitupu mapajani. Hapo hofu yangu ikabadilika. Kabla ya hapo niliogopa fimbo. Sasa nikaanza kuogopa kwamba Idi hatatuma sauti nyingine kamwe, na kwamba mimi ndiye niliyeikata ile iliyobaki.

Siku ya tatu nilitoka shuleni, wokmeni na kaseti zikiwa ndani ya mkoba wa madaftari, nikapitiliza hadi kwa fundi Lameki, Mgogo mmoja mpole aliyetengeneza redio karibu na karakana za kuchomelea vyuma.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba. Umebeba nini?"

Aliipokea kwa mikono miwili. Aliipima uzito, akaichungulia, akanusa springi kama sisi, na kwa mara ya kwanza katika siku tatu nilitaka kucheka. Alizungusha mota kwa kidole. Alifuta kichwa cha kusomea kwa pamba na spiriti, akakitazama kwa lenzi yake.

"Mashine nzuri hii," alisema. "Mota imara, kichwa hakijalika. Mpira nitakupa mwingine. Chombo hakina kosa. Nani ametia kisu?"

Nilitoa kaseti mkobani. Akaichukua. "Na humu mna nini?"

"Sauti ya kaka. Yuko machimboni. Mama humsikiliza kila siku."

Fundi Lameki aliacha kutabasamu. Aliunyoosha utepe juu ya meza, akakata kwa wembe, akaunga kwa selotepu taratibu, bila kupumua. Kipande kimoja, urefu wa kiganja changu, kilikuwa kimekunjamana vibaya. "Hiki siwezi kukiokoa," alisema. "Maneno mawili matatu yatapotea. Labda hatagundua."

Alasiri ile nikampelekea mama. Alivaa spika, akafumba macho. Mimi sikusikia kitu, nilibaki kutazama uso wake. Mara akafumbua macho.

"Rudisha nyuma."

Nikarudisha. Akasikiliza tena, mkono kifuani.

"Hapa alikuwa anakohoa," alisema. "Anasema mimi mzima kabisa, halafu anakohoa. Kikohozi kimekwenda wapi?"

Nikaanguka magotini na kueleza yote: Neema, kisu, mpira, fundi. Nilisubiri kipigo. Hakikuja. Mama alikuwa analia kimya kimya.

"Mjomba wako alikohoa hivyo hivyo kabla hatujamzika," alisema. "Kila siku nasikiliza nikijiambia labda ni vumbi tu, labda leo kitasikika vingine. Sasa hata cha kusikiliza sina."

Baba, aliyeuza vitunguu, aliporudi kutoka sokoni alimkuta mama amesimama mlangoni. "Nenda kamlete Idi," alimwambia. Baba alianza kusema kuhusu mzigo wa vitunguu. Mama akarudia maneno yale yale. Asubuhi baba akapanda basi.

Siku nane tulikaa bila habari. Kila pikipiki iliyopunguza mwendo mbele ya nyumba ilinipasua moyo. Siku ya tisa baba aliingia akiwa amemshikilia kaka begani, na nilipomwona Idi sikumtambua mpaka aliposema jina langu. Ilikuwa kifua kikuu. Daktari alimwambia baba kwamba wangechelewa kidogo tu, wangemleta kuzikwa. Idi alimeza dawa miezi mingi, na mama alihesabu kila kidonge. Alipona. Leo ana shamba la zabibu Hombolo na kitambi.

Binti yake, Mwajuma, anasoma chuo hapa mjini. Ana vidude vidogo vya masikioni visivyo na waya wala skrubu, vikiharibika anatupa. Ananitumia sauti kwa simu mara kumi kwa siku. Wiki iliyopita nilikuwa kikaoni, nilipotoka nikakuta ametuma moja na kuifuta. Sisi tulikuwa na upande mmoja wa kaseti, na mama aliijua kila pumzi iliyokuwa ndani yake. Nikampigia.

"Ulisema nini, mwanangu?"

"Mh, shangazi," akacheka. "Wala sikumbuki."