Ngitili Iliyofyekwa Ili Miti Ipandwe

Siku hizi kwetu Mwamapalala hakuna mtu anayekata mti. Miti inakatwa na mabadiliko ya tabianchi. Tangu semina ya mabadiliko hayo ifike kijijini, hata baba yangu mdogo, ambaye tanuri zake za mkaa hazipoi, ukimuuliza kilichoupata ukingo wa mto anatazama mbinguni na kutikisa kichwa. Mbingu nayo ina makosa yake, sikatai. Mvua inakuja inapotaka, na ikija inabomoa. Lakini sijawahi kuona wingu lenye panga.

Baba yangu mzazi alikuwa na ngitili kando ya mto. Ngitili ni malisho ya kufunga: msimu wote wa mvua ng'ombe hawaingii, nyasi zinarefuka chini ya migunga, na kiangazi kikibana ndipo unafungua. Majirani walilima pamba mpaka kwenye mchanga wa mto, yeye akabaki na kichaka chake, wakamwita mvivu. Ng'ombe wa huyo mvivu hawakuwahi kulala njaa.

Kisha ikatangazwa kwamba wageni watakuja kupanda miti ukingoni. Kamati ya kijiji ikaja nyumbani asubuhi, nami nilikuwa nimetoka Somanda, ninakoishi, kuwasalimu wazazi.

"Mwangaluka, mzee wetu," alianza mwenyekiti kwa salamu ya Kisukuma. "Tumeona eneo lako linafaa. Lina kivuli."

"Kivuli ni cha migunga," baba akasema.

"Hiyo tutaifyeka. Wageni watapandaje miti mahali penye miti?"

Nilicheka, nikidhani ni utani. Mama akanikanyaga mguu. Baba alikuwa amekwisha kuahidiwa kiti cha mbele siku ya sherehe, na mzee wa kwetu ukimpa kiti cha mbele umemmaliza. Akasema, "Wabeja," akashukuru kwa mikono miwili, na mapanga yakaanza siku hiyo hiyo. Nilikasirika mpaka chai ikanishinda.

Sherehe ilifana. Palikuwa na maturubai, spika, na hotuba ndefu juu ya kutunza uoto wa asili. Migunga ilitumika kupikia pilau, na iliyobaki aliibeba baba mdogo, kwa masikitiko makubwa. Kila mgeni alipanda mche wake wa mlusina, akapigwa picha, akanawa mikono. Baba alipiga makofi kuliko wote. Walipoondoka aliachiwa agizo la kuilinda miche isiliwe na mifugo, naye akaizungushia uzio wa miiba. Miiba aliikata kwenye migunga michache iliyosalia.

Mwaka huo kiangazi kilikuwa kikali. Niliporudi, ngitili ilikuwa vumbi tupu, na mama alikuwa akichimba maji mchangani ili kumwagilia miche ya wageni. Yule ng'ombe mweupe aliyetunywesha maziwa watoto wote wa nyumba ile hakuweza tena kusimama. Tulimwinua kwa magogo, watu wanne, akaanguka tena. Niliona aibu kumtazama baba usoni.

Baba alikwenda ukingoni, akaubomoa uzio kwa mikono, akarudi amekumbatia miche yote, na bado mikono yake haikujaa. Akapiga magoti kichwani pa ng'ombe na kumlisha. Ng'ombe alimaliza kabla mama hajaleta maji, kisha akanyoosha shingo akitafuta mingine. Baba akamwonyesha viganja vitupu.